Miji saba kwa siku 14?

Barua moja ya juma hili imetoka kwa mume na mke waliojiwekea akiba miaka mitatu ili watembee Ulaya kwa mara ya kwanza. Wana siku 14 na miji saba: Lisbon, Madrid, Barcelona, Paris, London, Venice na Roma. Wanauliza waanze kununua tiketi ipi. Ndugu zangu, msinunue yoyote kwanza.

Kila mnapohama mji mnapoteza nusu ya siku: kufunga mizigo, kwenda stesheni, kusafiri, kutafuta hoteli. Miji saba ni kuhama mara sita, yaani siku tatu nzima sanduku mkononi. Tena ramani hudanganya. Lisbon na Madrid ni miji mikuu ya nchi jirani, lakini hakuna treni ya moja kwa moja kati yake. Madrid hadi Barcelona, zaidi ya kilometa 600, treni ya kasi huchukua kama saa mbili na nusu. Kutoka Barcelona mpaka Paris ipo treni moja, karibu saa saba.

Mimi ningewapunguzia hivi: Madrid usiku 3, Barcelona 4, Paris 5. Waingilie Madrid, warudi nyumbani kutoka Paris. Tiketi ya ndege ya namna hiyo huuzwa.

Sasa viza, na hapa ndipo fedha za watu hupotea. Nchi 29 za mkataba wa Schengen, uliotiwa saini mwaka 1985, hutoa viza moja ya pamoja. Lakini huombi popote upendapo. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wengi wangekimbilia Ufaransa kwa kuwa Paris ina usiku mwingi kuliko mji mwingine. La! Zinazohesabiwa ni siku za nchi, si za mji, na Hispania ina usiku 7. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Hoteli wekeni zile zinazoruhusu kufuta bila gharama.

London, kwa maoni yangu, iachwe. Uingereza haimo katika Schengen, ina viza yake na ada yake. Na mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akivuka kwenda London, harudi tena Paris.

Mke ameongeza chini ya barua, kwa wino mwingine, kwamba Venice ndiyo aliyoiota tangu shule. Basi Madrid ndiyo itoke: Barcelona 4, Paris 4, Venice 4, wakiruka kwa ndege kutoka Paris. Hapo siku zinalingana, na zikilingana maombi hupelekwa kwa nchi ya kuingilia, yaani Hispania vilevile. Tangu 2024 Venice hutoza wageni wa kutwa katika siku fulani, ila wanaolala hotelini mjini humo husamehewa. Na wakiwa Paris, Louvre wasiiwekee Jumanne, kwani hufungwa.