Mkristo mgeni Unguja: Kanisa, soko na sahani ya jirani

ZANZIBAR. Boti ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hutumia takriban saa mbili. Kwa mfanyabiashara Mkristo kutoka Nairobi, Kampala, Bujumbura au Bukavu, safari hiyo fupi humtoa katika mji wenye makanisa kila mtaa na kumshusha katika mji ambao karibu kila jirani yake ni Mwislamu.

Wageni hao si wachache. Wapo wapishi na mameneja wa hoteli, walimu, mafundi, wauza vitenge na wanaoleta bidhaa kwa ajili ya maduka ya watalii. Wengi hujiandaa kwa kodi ya chumba na bei za Darajani. Wachache hujiandaa kwa swali linalokuja baadaye: utaishije imani yako mahali ambapo ratiba ya siku, ya wiki na ya mwaka imepangwa kwa imani ya mwingine?

Kanisa juu ya soko la watumwa

Mahali pa kuabudu papo, tena pa siku nyingi. Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu huko Shangani, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Waanglikana wana Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, na lile la Mtakatifu Yohana huko Mbweni, palipokuwa makazi ya watumwa walioachwa huru. Makanisa ya Kipentekoste yako zaidi nje ya Mji Mkongwe.

Mkunazini ndipo palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Hivyo Mkenya au Mkongo anayefika hapa hukuta misa katika lugha anayoielewa. Kinachomshinda mara nyingi ni lugha ya barazani na dukani. Anayeingia dukani na kusema "nipe mchele" huonekana hana adabu; hapa husemwa "naomba", baada ya salamu ndefu na kuulizana hali za nyumbani. "Bwana asifiwe" ni ya kanisani. Dukani, "habari za asubuhi" na "shikamoo" kwa mkubwa hufungua milango bila kumlazimisha mtu kuigiza dini isiyo yake.

Ijumaa, Jumapili na mwezi wa Ramadhani

Mchana wa Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa muda wakati wa swala. Anayepanga kupokea mzigo saa hiyo atakaa na makuli wake juani. Jumapili mambo hugeuka: Darajani kuna wateja, na Mkristo mwenye meza yake hulazimika kuamua kama atafunga aende kanisani. Baadhi huenda ibada ya mapema kisha wakafungua. Wengine hushirikiana na mwenzao Mwislamu: huyu hulinda meza Jumapili asubuhi, yule hulipa fadhila Ijumaa mchana.

Ramadhani ndiyo darasa kubwa. Mchana, migahawa mingi ya kawaida hufungwa, na kula hadharani kunaweza kukufikisha polisi; Machi 2024 polisi waliwakamata watu kadhaa kwa kosa hilo. Mkristo hula ndani kwake. Kibiashara, huo ndio msimu: jioni ni tende, tambi na matunda, na kadiri Iddi inavyokaribia nguo na viatu vya watoto huuzwa hadi usiku. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, aliyeagiza mzigo kwa kukumbuka tarehe za mwaka jana huchelewa.

Mwaka 2025 na 2026, Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja. Wakristo na Waislamu walifunga pamoja, kila mmoja kwa namna yake, na kwa wageni wengi hilo lilirahisisha mazungumzo na majirani kuliko hotuba yoyote ya maelewano.

Wakati wa futari, jirani huweza kuleta sahani ya mihogo ya nazi au mkate wa kumimina. Kwa desturi ya pwani sahani hairudi tupu. Ikifika Krismasi na mgeni akataka kualika, sharti moja halina mjadala: nyama iwe imechinjwa na Mwislamu. Asiyejua hilo hupika pilau ya kilo tano na kuila peke yake.

Hofu ilikuwapo

Si sawa kusema kwamba mambo yamekuwa shwari siku zote. Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuongoza misa ya Jumapili. Miezi michache kabla, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, kiongozi katika ofisi ya Mufti, alimwagiwa tindikali. Viongozi wa dini zote mbili waliumizwa. Waumini waliokuwapo wakati huo wanajua kuwa usalama wa mgeni hautegemei ukuta wa kanisa tu, bali pia majirani wanaomjua kwa jina.

Barua ya mchungaji si kibali

Kanisani ndipo mgeni hupata watu wa kumdhamini, kumwonyesha chumba, hata kumpa mali kauli. Hapo ndipo pia hutapeliwa. Mtu huitwa "ndugu katika Kristo" wiki ya kwanza, na wiki ya tatu fedha za mzigo zimepotea naye. Kuandikiana na kuweka shahidi hakupunguzi imani ya mtu.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kupewa pasi ya matembezi ya hadi miezi sita, lakini pasi hiyo hairuhusu kufanya kazi wala kufungua biashara. Kibali cha ukaazi cha daraja A ni cha wawekezaji na waliojiajiri, B ni cha waajiriwa, na C huwahusu wamisionari, wanafunzi na watafiti. Mfanyabiashara anayejificha chini ya mwavuli wa kanisa kwa kibali cha C hujiweka hatarini na kulichafua kanisa lililompokea.

Siku ya msiba

Jambo ambalo wageni hulikwepa ni kifo. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Mwili wa Mkristo mgeni husubiri ndugu, nyaraka na nauli. Huvuka bahari kwanza, kisha mpaka wa nchi. Kwaya, jumuiya ndogo ndogo na wazee wa kanisa ndio hukusanya mchango, na majirani Waislamu huja kukaa matangani. Lakini hawawezi kumpigia simu mtu wasiyemjua.

Ndiyo maana wazoefu humshauri mgeni mambo matatu katika wiki yake ya kwanza: ajiandikishe katika kanisa moja badala ya kuzungukia matano, aache kwa mzee wa kanisa na kwa mwenye nyumba namba ya ndugu yake wa nyumbani, na apige hodi kwa majirani wa kulia na kushoto kabla hajawahitaji.