Mtenda Aliyefichwa: Sarufi ya Lawama katika Ubakaji

Sehemu hii ya mhadhara inachunguza namna Kiswahili kinavyogawa lawama mwanamke anapobakwa, tukiangalia Shinyanga na ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Hoja yetu ni kwamba mara nyingi lugha humwondoa mtenda hata kabla shauri halijafika mahakamani.

Tuanze na kauli ya kutendwa. Katika tungo “Binti amebakwa”, mtendwa ndiye kiima, na sarufi haimlazimishi msemaji kumtaja mtenda. “Mwanafunzi amepata mimba” huenda mbali zaidi: msichana huonekana kama aliyejipatia kitu, ilhali “amepewa mimba” kungemfanya msikilizaji aulize ni nani aliyempa. Tafsida “ameharibiwa” nayo huacha doa kwa aliyetendewa. Hatimaye huja kiambishi “-ji-”: “alijitakia”, “alijipeleka”. Hapo mtendwa amekwisha kugeuzwa mtenda. Mama lishe aliyefuata riziki machimboni huweza kuambiwa hayo, kana kwamba kufika penye wanaume wengi ni kuridhia.

Miongoni mwa Wasukuma ipo desturi ya uchumba iitwayo chagulaga, ambapo vijana humfuata msichana wakimtaka achague mmoja wao. Jina lenyewe ni amri: “chagua”. Amri hiyo humpa nafasi ya kuteua, lakini haitaji uwezekano wa kuwakataa wote. Akishikwa kwa nguvu, jina la desturi hubaki likidai kwamba alichagua.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwenda kinyume na mazoea hayo. Kwa mujibu wa kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, si lazima pawepo majeraha ya ukinzani ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Hata hivyo, swali “Mbona hakupiga kelele?” bado huulizwa.

Kauli ya kutendwa haina kosa kwa yenyewe. Pengine mtenda hajulikani. Lakini anapojulikana, Kiswahili kina njia nyepesi ya kumtaja: “alibakwa na fulani”. Mwanaisimu anayechambua habari za magazeti au maelezo ya mashahidi hana budi kuuliza, katika kila tungo, mtenda yuko wapi na ni nani aliyenufaika kwa kutotajwa kwake.