Aliyegongwa na Gari Akiwa Juu ya Baiskeli: Sala Yake, Majeraha Yake na Haki Yake



Baiskeli katika miji na vijiji vyetu ni chombo cha mwalimu wa madrasa, muuza samaki, fundi na mwanafunzi. Hao ndio wanaoangushwa barabarani, na hao ndio tunaowakuta wodini wakiwa na mguu au mkono uliofungwa plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo. Ukikaa kitandani kwao utasikia mambo mawili. La kwanza ni mtu kuacha sala wiki nzima kwa sababu jirani amemwambia asubiri apone, kisha alipe zote kwa pamoja. La pili ni dereva au ndugu zake kufika siku ya tatu na bahasha ya fedha na karatasi ya kutia saini. Katika la kwanza mgonjwa anapoteza haki ya Mola wake, na katika la pili huenda akapoteza haki yake mwenyewe. Yote mawili yana hukumu zilizo wazi katika vitabu vya fiqhi, na ni vyema imamu anayekwenda kuzuru wagonjwa awe nazo mkononi.

Mtume (s.a.w.) naye aliangushwa na kipando

Wengi hawakumbuki kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuangushwa na farasi. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza, katika Bukhari na Muslim, kwamba ubavu wake wa kulia ulichubuka. Katika riwaya ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Abu Daud, farasi alimwangusha juu ya kigogo cha mtende mjini Madina na mguu wake ukateguka. Masahaba walikwenda kumzuru katika chumba cha Bibi Aisha (r.a.) wakamkuta anasali kwa kukaa. Hakuakhirisha sala mpaka apone, wala hakujikalifisha kusimama.

Msingi wa mlango huu ni Hadithi ya Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kwa hiyo aliyevunjika muundi anasali kitandani, akiinama kwa rukuu na kuinama zaidi kwa sijda. Asiyeweza kuinama ataashiria kwa kichwa. Aliyevunjika mtulinga, mfupa ambao waendesha baiskeli huuvunja sana kwa kuangukia bega, hana uzito wa kuacha kunyanyua mikono wakati wa takbira, kwani hiyo ni sunna tu. Aliyevunjika kifundo cha mkono asiulazimishe kugusa ardhi katika sijda.

Hapa pana kosa la siku hizi la kukimbilia kiti. Mtu ambaye goti lake halikunjiki lakini anaweza kusimama, kwa madhehebu ya Shafi hakupunguziwa kisimamo. Atasimama katika kusoma Fatiha, kisha atakaa kitini kwa yale asiyoyaweza. Wahanafi wao wanaona kwamba asiyeweza kusujudu kisimamo kimemwondokea.

Na je, akiwa aliyeumia ndiye imamu wa msikiti? Katika tukio lile la farasi Mtume (s.a.w.) aliwaashiria waliosimama nyuma yake wakae. Lakini katika maradhi yake ya mwisho alisali kwa kukaa, na watu wakasali nyuma yake kwa kusimama. Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa wameshika hili la mwisho: imamu akae na maamuma wasimame. Imamu Ahmad ameona maamuma wakae, ikiwa ni imamu wa kudumu wa msikiti huo na maradhi yake yanatarajiwa kupona. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni kwamba wenye uwezo wa kusimama wasisalishwe na asiyeweza. Penye msomaji mwingine, naona bora imamu apumzike akapone, watu wasalimike na khitilafu hiyo.

Maji, bendeji na plasta

Alipata jeraha la kichwa mtu mmoja safarini katika zama za Mtume (s.a.w.), kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakasema hawaoni ruhusa, maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema wamemuua, na akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui. Hadithi hii ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Sehemu yake ya mwisho inayotaja kufunga kitambaa na kupaka juu yake, wanavyuoni wa Hadithi wameitilia udhaifu, lakini kisa chenyewe kinatosha kumtia hofu kila anayependa kutoa fatwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Madhehebu tunayoyafuata wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ya Imamu Shafi, yana utaratibu huu: ataosha sehemu nzima ya viungo vya udhu, atapaka maji juu ya kilichofungwa (ndiyo jabira), na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Tayamamu ataifanya anapofikia kiungo hicho katika mpangilio wa udhu, na ataikariri kwa kila faradhi hata kama udhu haujavunjika. Madhehebu mengine kwa jumla yanatosheka na kupaka.

Panapoleta taabu ni kulipa. Kwa Mashafi, jabira ikiwa katika uso au mikono, ambavyo ndivyo viungo vya tayamamu, sala zilizosaliwa hivyo zitalipwa baada ya kupona. Ikiwa mguuni, hailazimu kulipa endapo ilifungwa mtu akiwa na tohara na haikuzidi kiasi cha haja. Sasa aliyeokotwa lamini anavuja damu, nani alimtawadhisha kabla ya kufungwa? Kwa hukumu ya kitabu atalipa sala za miezi. Lakini Imamu al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi mwenyewe, aliona kwamba kila sala iliyosaliwa kwa wakati wake kwa kadiri ya uwezo hailipwi, na Imamu Nawawi katika al-Majmuu ameipa nguvu rai hiyo kwa upande wa dalili. Mwenye kuifuata hakutoka nje ya nyumba ya Mashafi.

Aliyezimia naye huulizwa sana. Kwa Mashafi na Wamaliki, sala ambayo wakati wake wote umepita mtu akiwa amezimia hailipwi. Wahanafi husema italipwa ikiwa hazikuzidi sala tano. Mahanbali wanailipisha yote. Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alizimia na hakulipa, na kwamba Ammar bin Yasir (r.a.) alizimia akalipa.

Jambo moja la afya lisiachwe hapa, kwa kuwa kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria. Aliyegonga kichwa huweza kuamka akaongea vizuri, kisha akaharibika baada ya saa kadhaa, maana damu huvuja taratibu ndani ya fuvu. Kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno ya kuchanganyikiwa, mboni za macho zisizolingana: ukiona mojawapo, mrudishe hospitali usiku huohuo. Na vidole vinavyovimba, kufa ganzi au kubadilika rangi chini ya plasta au vijiti vya mganga wa mifupa ni dalili kwamba damu haipiti. Ifunguliwe, la sivyo kiungo huoza.

Usimalize hesabu kabla ya kupona

Tuje kwenye bahasha. Katika Hadithi iliyopokewa kwa njia ya Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, mtu mmoja alichomwa kwa pembe gotini. Akaja kwa Mtume (s.a.w.) akitaka kisasi chake. Mtume (s.a.w.) akamwambia angoje mpaka apone. Akarudi tena akashikilia, akapewa. Baadaye akaja akisema kwamba amekuwa kiguru. Akaambiwa kuwa alikatazwa akaasi, na ulemavu wake huo haukuwa tena na dai. Kisha Mtume (s.a.w.) akakataza kisasi cha jeraha kuchukuliwa kabla mwenyewe hajapona.

Ingawa kisa ni cha kisasi, wengi katika mafaqihi wameijenga juu yake hukumu ya fidia pia: kiasi cha jeraha hakijulikani mpaka litulie. Madaktari wanasema vivyo hivyo kwa lugha yao. Muundi uliovunjika huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga kwa mtu mzima, na mtulinga wiki 6 hadi 12. Kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono ambao ufa wake huweza usionekane katika eksirei ya siku ya kwanza, ukaonekana baada ya siku 10 hadi 14. Aliyesaini siku ya tatu amesaini asichokijua.

Sheria imeyapangia baadhi ya majeraha kiwango. Diya ya nafsi ni ngamia 100. Katika waraka ambao Mtume (s.a.w.) alimwandikia Amr bin Hazm (r.a.), mguu ni 50, kila kidole 10, jino 5, na jeraha la kichwa linalofikia mfupa 5. Kuhusu mtulinga, Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar (r.a.) alihukumu ngamia mmoja, na kwa ubavu mmoja. Mahanbali wameifanya hiyo kuwa hukumu ya kudumu. Mashafi wanaiona ni makadirio, na kwao mifupa hiyo ina hukuma, yaani kiasi anachokikadiria kadhi kwa kutazama upungufu uliobaki.

Na jeraha likipona bila kuacha alama? Abu Hanifa hakuona malipo. Abu Yusuf aliona alipwe kwa maumivu aliyoyapata. Muhammad bin al-Hasan akasema mkosaji atoe ujira wa tabibu na gharama za dawa. Rai hii ya Muhammad ndiyo iliyo karibu na uadilifu leo, ambapo gharama ya hospitali peke yake humfilisi mtu.

Nani mwenye makosa? Mafaqihi waliandika juu ya wapanda farasi wawili wanaogongana. Kwa Wahanafi na Mahanbali, kila mmoja anadhaminiwa diya kamili ya mwenzake. Mashafi wanasema nusu, kwani kila mmoja ameumia kwa kitendo chake na cha mwenzake. Lakini Imamu al-Haramayn amenukuliwa akisema kwamba, mnyama mmoja akiwa dhaifu hata ikawa hakika mwendo wake hauna athari mbele ya nguvu za mwingine, mwendo huo hauhesabiwi, mfano wa mchomo wa sindano kando ya majeraha makubwa. Anayetafuta mfano wa baiskeli na lori, huo hapo.

Mwaka 1993 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana Brunei na kupitisha uamuzi juu ya ajali za barabarani. Kwa ufupi, kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ni wajibu, na dereva anadhamini madhara anayowapata mwingine hata kama hakukusudia, ila kwa jambo asiloweza kulizuia, kosa la mtu mwingine, au kosa la aliyeumia lenye athari kubwa. Wakishirikiana katika kosa, kila mmoja anabeba sehemu yake. Kwa hiyo aliyeendesha baiskeli usiku bila taa, upande usio wake, asidai kama asiye na doa.

Bima nayo ina maneno. Majmaa hiyohiyo, mwaka 1985 mjini Jeddah, iliona mkataba wa bima ya kibiashara haufai. Lakini aliyegongwa hakufunga mkataba wowote. Sheria za Tanzania na Kenya humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kumkinga mtu wa tatu, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wanamruhusu aliyeumia kuchukua kupitia hapo kiasi cha haki yake, kwa kuwa anadai kwa aliyemdhuru, na kampuni imesimama badala yake. Asikatae kuandikisha polisi na kupata fomu ya PF3 kwa kudhani ni kumkosea ndugu yake Muislamu. Kuthibitisha haki hakumzuii kusamehe baadaye.

Kusamehe

Aya ya 45 ya Suratul Maida, baada ya kutaja kisasi cha majeraha, imemfanyia anayesamehe kuwa ni kafara kwake, na Suratush Shura aya ya 40 imeyaweka malipo yake kwa Allah (s.w.). Haya ni mambo makubwa, ila msamaha wa sheria ni wa mwenye akili timamu, aliye huru, anayejua anachokiacha. Kumzunguka mgonjwa mwenye dawa za maumivu kichwani na wazee kumi wakimkumbusha subira mpaka asaini, huko ni kumkalifisha, na baadhi ya maimamu wetu hushiriki kwa nia njema.

Mafaqihi waliona hatari hiyo. Mtu akisema amesamehe jeraha, kisha likamuua, Abu Hanifa amesema diya ya nafsi haikusameheka mpaka awe ametaja jeraha na yatakayotokana nalo. Wanafunzi wake wawili wakaona msamaha umeingia humo. Basi anayesamehe abainishe: amesamehe nini, maumivu tu, au na gharama, au na kitakachofuata. Anaweza pia kusamehe diya na kubaki na gharama za matibabu, au kupunguza kwa dereva masikini na kumpa muda.

Na aliyegongwa akiwa mtoto, kama wengi wanaokwenda chuoni kwa baiskeli, baba au walii wake hana mamlaka ya kusamehe bure fidia yake, kwani hiyo ni mali ya mtoto. Ataipokea, atamtibia kwayo, na kilichobaki atamhifadhia mpaka abaleghe na awe na rushdi. Hapo atakabidhiwa chake, na akitaka kusamehe atasamehe mwenyewe.