Tairi zee lenye sura mpya

Wiki moja baada ya kulinunua, tairi langu la mbele lilipasuka hapa Kabezi, kwenye barabara ya taifa namba 3 iendayo Rumonge. Gari lilivutwa upande wa ziwa, na ndani nilikuwa na wanafunzi wanne. Muuzaji aliniapia kuwa ni mtumba mzima, na kweli halikuwa kipara.

Fundi wa pancha alinionyesha tarakimu nne ubavuni: 0809. Yaani lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka kwa hewa, joto na jua hata kama tairi halijatembea; hukakamaa na kupata nyufa. Nimesoma ukimbizini Kigoma, nafundisha hesabu, na tarakimu hizo sikuwahi kuziangalia!

Linaloisha mapema nalo husema sababu yake. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Likilika upande mmoja, magurudumu yamepinda, mara nyingi kwa mashimo. Wabebao madumu ya mawese kutoka Rumonge wapime upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Kwa magari mengi kipimo kimebandikwa kwenye mlango wa dereva, pamoja na cha gari lililojaa mzigo.