Uondoaji wa miti mikubwa kwa kreni

Uondoaji wa miti mikubwa kwa kreni ni njia ya kukata mti uliosimama karibu na nyumba kwa kuushika kwa kreni kabla ya kuukata, kisha kuunyanyua kipande kwa kipande na kuushusha mahali palipotengwa. Njia hii hutumika pale ambapo mti hauna nafasi ya kuangukia, hasa katika makazi yenye nyumba zilizosongamana, nyaya za umeme na mitaa yenye watu wengi. Mfano wa mazingira hayo ni katikati ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania, katika kata ya Mchafukoge na eneo jirani la Kariakoo.

Katika ukataji wa kawaida mti huanguka kwa uzito wake wenyewe. Kwa kreni, kila kipande huwa tayari kimening'inizwa kabla ya kuachana na shina. Tofauti na mizigo mingine ni kwamba uzito wake haujulikani mapema. Kontena bandarini huwa na karatasi inayotaja uzito wake, lakini tawi la mwembe halina karatasi. Kwa hiyo usalama wa kazi yote hutegemea makadirio mazuri yanayofanywa kabla msumeno haujawashwa.

Jina

Neno "kreni" limetoka katika Kiingereza, ambako pia ni jina la ndege aina ya korongo, kwa sababu ya shingo ndefu inayofanana na mkono wa mashine hiyo. Watu wengi wa Dar es Salaam, hasa mafundi na watu wa bandarini, huiita "winchi".

Mazingira ya Mchafukoge na Kariakoo

Mchafukoge ni kata ya Wilaya ya Ilala katika Mkoa wa Dar es Salaam. Eneo hili la jiji lilipangwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Majina ya mahali bado yanakumbusha miti ya zamani: Mnazi Mmoja, Mtaa wa Mchikichi, Mtaa wa Mkunguni. Nyumba za awali zilikuwa za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Uani ndipo ulipopandwa mwembe, mnazi au mkungu kwa ajili ya kivuli na matunda. Nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na kupisha maghorofa, lakini hapa na pale mti wa uani umebaki ukiwa umezungukwa na kuta pande zote.

Hali hiyo inaleta matatizo manne kwa anayetaka kuuondoa:
- mti hauwezi kuangushwa upande wowote bila kugonga paa au ukuta;
- nyaya za umeme na za simu hupita mbele ya nyumba, mara nyingi katikati ya matawi;
- barabara ni nyembamba na hujaa wafanyabiashara, mikokoteni, pikipiki na malori ya mizigo;
- chini ya ardhi kuna mabomba, makaro na visima vya zamani visivyoonekana.

Wakati kreni inapohitajika

Si kila mti mkubwa unahitaji kukatwa, na si kila mti unaokatwa unahitaji kreni. Mti wenye afya unaogusa paa unaweza kupogolewa tu. Katika mji wenye joto kama Dar es Salaam kivuli kina thamani, na mti wa miaka 60 haurudishwi kwa mche wa msimu mmoja.

Dalili za mti wa hatari ni pamoja na shina lenye uwazi ndani, uyoga kwenye kitako, ufa mahali matawi makubwa yanapogawanyika, na mti ulioinama huku udongo upande wa pili ukiwa umeinuka. Dalili hii ya mwisho huonyesha kwamba mizizi imeanza kuachia. Hatari huongezeka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo unapolowa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania kilikumbusha wakazi kwamba upepo mkali si jambo la visiwa vya mbali peke yake.

Mahali penye nafasi kidogo, fundi hupanda mti na kushusha matawi kwa kamba. Kreni huhitajika pale ambapo mti umekufa au umeoza kiasi kwamba si salama kuupanda, au vipande ni vizito mno kwa kamba, au mzigo lazima upitishwe juu ya nyumba hadi barabarani. Mti ukiwa tayari umeangukia paa, kreni huweza kuuinua bila kuongeza uzito juu ya kuta.

Aina za kreni

- Kreni ya lori huwa na mkono unaorefuka kwa nguvu ya haidroli. Ndiyo inayofaa zaidi mijini kwa sababu hufika yenyewe na kuondoka siku hiyohiyo.
- Lori la mizigo lenye kreni ndogo nyuma ya kichwa hufaa kwa matawi na mashina mafupi. Uwezo wake ni mdogo, lakini linaweza kubeba magogo.
- Kreni ya mnara, kama zinavyoonekana penye ujenzi wa maghorofa, haifai kung'oa wala kuvuta miti, hata kama iko kiwanja cha jirani.

Uzito na umbali

Makosa mengi katika kazi hii hutokana na kusahau kwamba uwezo wa kreni hupungua kadiri mzigo unavyokuwa mbali. Kreni inayoitwa "ya tani 50" hunyanyua tani hizo ikiwa mzigo uko karibu kabisa na kiini chake, mita 3 hivi. Mkono ukinyooshwa hadi mita 20 hubaki na sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Sababu ni ileile ya mizani: nguvu ya kupindua ni uzito mara umbali. Mzigo wa tani 1.5 ulio umbali wa mita 5 una nguvu ya kupindua ya tani-mita 7.5, mzigo uleule ukiwa mita 20 una tani-mita 30, yaani mara nne.

Uzito wa gogo hukadiriwa kwa kutafuta ujazo wake. Mti mbichi una maji mengi, na kwa usalama huhesabiwa kuwa mita moja ya ujazo ina kilo 1,000. Gogo lenye kipenyo cha sentimeta 80 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa:

3.14 × 0.4 × 0.4 × 3 = karibu mita za ujazo 1.5

Kwa hiyo lina uzito wa tani 1.5 hivi. Gogo la urefu huohuo lenye kipenyo cha sentimeta 40 lina kilo 380 tu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito huongezeka mara nne. Ndiyo maana kipande kifupi cha chini ya shina kinaweza kuwa kizito kuliko tawi refu lenye majani yote. Uzito wa ndoano, minyororo na mikanda huongezwa kwenye hesabu, na jumla haitakiwi kukaribia kikomo kilichoandikwa katika jedwali la kreni.

Pembe ya mikanda nayo ina maana. Mikanda miwili ikifungwa kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja hubeba karibu asilimia 58 ya uzito wa mzigo. Pembe ikishuka hadi nyuzi 30, kila mkanda hubeba uzito sawa na mzigo mzima.

Ardhi na miguu ya kreni

Kabla ya kunyanyua, kreni hufungua miguu yake ya pembeni na kuinuliwa ili isitegemee matairi. Mkono unapogeuka, mguu mmoja unaweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wa mashine na mzigo pamoja. Mguu ukididimia, kreni hupinduka hata kama hesabu ya uzito ilikuwa sahihi.

Kwa sababu hiyo, mbao nene au sahani za chuma huwekwa chini ya kila mguu ili kutawanya uzito. Katika viwanja vya zamani vya Kariakoo na Mchafukoge ni lazima kuuliza wenyeji karo liko wapi, kisima kilifukiwa wapi na bomba la maji linapita wapi. Mfuniko wa karo uliofunikwa kwa saruji huonekana kama sakafu imara, lakini chini yake ni shimo. Mara nyingi mzee aliyekulia katika nyumba hiyo anajua zaidi kuliko ramani yoyote.

Umeme

Umeme ni hatari kubwa kwa sababu mkono wa kreni ni chuma kirefu kinachozunguka, na dereva aliye chini huona vibaya umbali wa waya ulio juu. Nyaya za kusambaza umeme nchini Tanzania ni pamoja na za kilovolti 11 na 33, ambazo umeme wake unaweza kuruka kabla chuma hakijagusa waya. Kanuni za Marekani, kwa mfano, huweka umbali wa angalau mita 3 hivi kwa nyaya zisizozidi kilovolti 50. Njia salama zaidi ni kuiomba TANESCO ikate umeme kwenye laini hiyo kwa muda wa kazi. Kumwachia fundi wa mtaani "azime" ni hatari.

Kreni ikigusa waya, dereva hutakiwa kubaki kwenye kiti chake na watu wengine wakae mbali hadi umeme ukatwe. Kama kuna moto na ni lazima atoke, aruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, asiguse kreni na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza miguu bila kuinyanyua.

Hatua za kazi

1. Mti hukaguliwa, pamoja na kuangalia mizinga ya nyuki na viota.
2. Hupangwa mahali pa kusimama kreni, njia ya mzigo hewani na mahali pa kushushia. Nyumba zilizo chini ya njia hiyo huachwa tupu kwa muda.
3. Mtaa hufungwa kwa utepe na walinzi. Katika eneo la soko, alfajiri ya Jumapili ni afadhali kuliko siku ya biashara.
4. Mikanda hufungwa juu ya kitovu cha uzito wa kipande ili kisigeuke ghafla.
5. Kreni huvuta taratibu mpaka mikanda ikaze, bila kuzidi uzito uliokadiriwa.
6. Mkataji hukata akiwa upande salama, kisha hujitenga kabla ya kipande kunyanyuliwa.
7. Kipande hunyanyuliwa wima, hupitishwa na kushushwa. Hakuna anayepita wala kusimama chini yake.

Kipande kikikwama, hakivutwi kwa nguvu. Kikiachia ghafla, mshtuko wake huweza kuzidi uwezo wa kreni. Vilevile kreni haitumiki kuvuta mti kwa upande wala kung'oa kisiki, kwa sababu nguvu ya mizizi haikadiriki. Upepo ukizidi kikomo kilichotajwa katika kitabu cha mashine, kazi husimama. Tawi lenye majani hushika upepo kama tanga la jahazi.

Wafanyakazi

Kazi huhitaji angalau dereva wa kreni, mkataji, mfungaji wa mizigo na mtoa ishara. Mti ukiwa uani nyuma ya ghorofa, dereva haoni kabisa anachonyanyua, na hufuata sauti ya redio peke yake. Kwa hiyo mtoa ishara huwa mmoja tu, isipokuwa amri ya "simama", ambayo inaweza kutolewa na mtu yeyote na lazima itiiwe. Kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, viatu vigumu na suruali ya kuzuia msumeno ni vifaa vya lazima.

Minazi

Mnazi hauna matawi, na kwa kawaida hukatwa kuanzia kileleni na mkwezi anayeupanda. Njia hiyo haifai kwa mnazi uliokufa. Katika pwani ya Tanzania ugonjwa wa kunyong'onyea huua minazi na kuacha magogo marefu yasiyo na kilele. Gogo la namna hiyo huonekana imara kwa nje huku ndani likiwa limeoza, na linaweza kukatika chini ya mkwezi. Hapo ndipo kreni, au kikapu cha kuinulia mtu, huokoa maisha.

Sheria na vibali

Mwenye nyumba huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya mazingira ya halmashauri ya jiji. Kufunga barabara huhitaji ruhusa ya mamlaka ya barabara na polisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti kuhusu miti iliyohifadhiwa. Kama mti ni mvule au mninga, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) huulizwa kwanza. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Kabla ya kulipa, mteja ana haki ya kuomba kuona cheti cha ukaguzi wa kreni, sifa za dereva na bima inayofidia nyumba za jirani.

Baada ya kukata

Magogo ya mwembe na mvinje hutumika kwa mbao, samani au kuni. Kisiki huachwa kioze au huchimbwa kwa mkono, kwa uangalifu kama kiko karibu na msingi wa nyumba. Mahali palipobaki wazi panaweza kupandwa mti mdogo unaofaa uani, kama mlimau au mkomamanga, ambao hautahitaji kreni utakapozeeka.