Kutoka Darasani hadi Ushauri Elekezi: Nafasi ya Mafunzo kwa Vitendo

Kila unapowadia msimu wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wetu wengi huomba kupelekwa shuleni. Jambo hilo ni jema, kwani Uganda inahitaji walimu wa Kiswahili, hasa baada ya Baraza la Mawaziri kupendekeza mwezi Julai 2022 kuwa somo hili liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, iko njia nyingine tusiyoizungumzia vya kutosha, nayo ni ushauri elekezi wa lugha. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na jinsi mafunzo kwa vitendo yanavyoweza kuwa mlango wake.

Mshauri elekezi wa lugha ni nani?

Ni mtaalamu anayeitwa kwa muda maalumu kutatua tatizo la mteja. Mwalimu huongozwa na mtaala. Mshauri huongozwa na hadidu za rejea, yaani waraka unaoeleza mteja anataka nini, lini na kwa kiwango gani. Wateja wake ni mashirika ya misaada, watafiti wa afya, wachapishaji na taasisi za kikanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Maamuzi ya namna hiyo yakitekelezwa huzaa nyaraka za kutafsiriwa na mikutano ya kufasiriwa.

Kinacholipiwa ni uamuzi

Tuchukue mfano. Shirika linataka hojaji kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale, wilayani Isingiro. Swali la kwanza linahusu idadi ya watu katika "kaya". Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu analijua neno hilo, lakini mkimbizi kutoka Kivu huenda asilielewe. Tena, kwake yeye "jamaa" ni familia, ilhali kwa msemaji wa Dar es Salaam ni ndugu au mtu fulani tu. Hesabu ya watu ikikosewa, mgawo nao utakosewa. Mtu anayejua kutafsiri tu ataandika neno na kuondoka. Mshauri atapendekeza neno lijaribiwe kwanza kwa wahojiwa wachache, ataongeza maelezo mafupi, kisha atamweleza mteja sababu zake kwa maandishi.

Mafunzo yanasaidiaje?

Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka mfasiri athibitishe sifa zake kwa nyaraka. Mwenye shahada ya fani isiyohusiana na lugha wala tafsiri anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 2, na asiye na shahada, miaka 5. Kiwango hicho pia kinataka kila tafsiri ihakikiwe na mtu wa pili. Mwanafunzi hawezi kukabidhiwa uhakiki huo, lakini anaweza kuketi karibu na mhakiki, kuandaa orodha za istilahi na kusoma prufu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mambo ya kuzingatia

1. Katika barua ya maombi, taja unachoweza kufanya. "Naweza kuandaa orodha ya istilahi za afya" ina uzito kuliko "naomba nafasi yoyote".

2. Weka daftari la kazi: tarehe, aina ya matini, idadi ya maneno na muda uliotumia. Ukijua kuwa hutafsiri maneno 250 kwa saa, utajua kuwa maneno 5,000 yanahitaji saa 20 kabla ya uhakiki. Bila hesabu hiyo huwezi kupanga bei.

3. Tunza siri. Usinakili nyaraka za mteja. Omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuonyesha sampuli yoyote.

4. Omba kusoma hadidu za rejea za kazi zilizokwisha. Angalia jinsi pendekezo la kitaalamu linavyotenganishwa na pendekezo la bei.

5. Kabla ya kuondoka, omba barua inayotaja kazi ulizofanya. Barua inayosifu tabia njema pekee haitakusaidia katika zabuni.

Ndugu wahadhiri, nasi tuna wajibu. Tunapowatembelea wanafunzi, tusiishie kukagua mahudhurio, bali tulifungue daftari la kazi na kuuliza kwa nini neno hili lilichaguliwa na lile likaachwa. Mhitimu anayeweza kujibu swali hilo anaweza kuanza na kazi ndogo chini ya mshauri mzoefu, huku akiendelea kufundisha. Asiyeweza, hata akiwa na alama za juu, ataziona kazi za Kiswahili zikitangazwa hapa hapa nchini na kuchukuliwa na wengine.