Kupiga picha kando ya Ziwa Nakivale: nini kiingie, nini kibaki nje

Wakazi wengi wa Nakivale wana simu yenye kamera, na karibu kila mmoja ameshapiga picha ya ziwa. Ukizitazama picha hizo utaona zinafanana: mstari wa maji umepita katikati, juu ni anga tupu, na mbali kuna kitu cheusi ambacho mpigaji anakuambia ni mtumbwi. Simu haina kosa. Mpigaji hakuamua anapiga picha ya nini.

Kupanga picha ni kufanya uamuzi huo kabla ya kubonyeza: nini kiingie, kikae wapi, na nini kibaki nje. Matembezi ya saa moja au mbili ufukweni yanatosha kuanza kujifunza. Hivi karibuni tulitembea na kikundi cha vijana, wengi wakiwa na simu za bei nafuu, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta, lakini tuko magharibi mwa eneo linalotumia saa za Afrika Mashariki. Ndiyo maana jua letu huchomoza karibu saa moja kasoro asubuhi, na huwa juu ya utosi karibu saa saba mchana badala ya saa sita. Mchana mwanga hutoka juu moja kwa moja, macho ya watu yanaingia kivulini na maji yanang'aa mpaka rangi inapotea. Asubuhi na jioni mwanga hutoka ubavuni, na hata jani moja la mafunjo lina kivuli chake.

Lakini ziwa hili lina viboko. Usiku hutoka majini kula nyasi na alfajiri hurudi. Subiri kupambazuke kabisa, pita njia ambazo watu wanazitumia, waulize wavuvi wamewaona wapi, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Ukimwona, mwache. Kwa simu zetu, kuvuta picha kwa vidole viwili hakumleti karibu. Kunaharibu picha tu.

Mlipofika mwaloni, simameni mahali pamoja. Fungua mipangilio ya kamera na uwashe mistari ya gridi: miwili ya kusimama, miwili ya kulala. Sasa piga mtumbwi uleule mara tatu. Mara ya kwanza uweke katikati. Mara ya pili uweke pale mistari inapokutana upande wa kushoto, na mara ya tatu upande wa kulia. Linganisha. Mara nyingi mtumbwi unapendeza ukiwa na maji matupu mbele yake, upande unaoelekea, kwa sababu jicho linaona una mahali pa kwenda. Mstari wa maji nao usiukate katikati. Kama anga ina mawingu mazuri, ipe theluthi mbili. Kama ni tupu, ipe kidogo na uyape maji nafasi.

Kisha chuchumaa. Hili ndilo zoezi lililobadilisha picha za vijana wetu kuliko yote. Wote walikuwa wakipiga kwa kimo cha kifua chao. Walipoinama hadi usawa wa nyavu zilizoanikwa, ghafla kukawa na kitu karibu, kitu katikati na kitu mbali, na ziwa likaonekana pana.

Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye pembe nne za picha. Mfuko wa plastiki? Mkono wa mtu asiyehusika? Ng'ombe wa Ankole wanaokuja kunywa maji watakutesa hapa, maana pembe zao ni ndefu na huwa zinakatwa ukingoni. Rudi nyuma hatua mbili.

Kwa watu, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1936, huko California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja aliyekuwa kibarua wa kuhamahama pamoja na watoto wake. Alipiga kadhaa, akizidi kusogea. Katika ile iliyojulikana duniani kote, hema karibu halionekani tena na watoto wawili wamegeuza nyuso. Umebaki uso wa mama. Kwa upangaji, ni picha ya kufundishia. Lakini Lange hakumuuliza jina. Florence Owens Thompson alijulikana miaka ya 1970 mwishoni, na alilalamika kwamba picha ile haikumpatia chochote. Wengi wetu tunaoishi na kufanya kazi makambini tunaijua hali hiyo: uso wako unasafiri, wewe unabaki.

Basi uliza kwanza. "Papa, naomba nikupige picha, nitaiweka kwenye Facebook ya kikundi chetu." Sema itakwenda wapi, maana kukubali picha si kukubali mtandao. Kwa mtoto, muulize mzazi. Askari na vizuizi vya barabarani usivipige. Zima pia sehemu ya mahali katika mipangilio ya kamera, kwa kuwa picha inaweza kubeba alama ya pale ilipopigwa.

Picha bora ya siku ile ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa akifua, jua likimpiga shavuni. Alikuwa amekubali. Alipoonyeshwa, akanyamaza, kisha akaomba ifutwe: kuna watu alikotoka ambao hataki wajue yuko wapi. Kijana aliifuta mbele yake, na pia katika sehemu ya picha zilizofutwa, ambayo simu nyingi huihifadhi kwa siku kadhaa.

Halafu akamuuliza, "Mama, tujaribu tena bila uso?" Akahamia upande wa pili ili jua liwe nyuma ya mama, akachuchumaa, akagusa kioo cha simu mahali penye mwanga mkali ili vingine viwe giza. Yakabaki mafunjo meusi, mikono miwili ikikamua kitenge, na matone yanayowaka kama cheche. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akataja namba yake ya WhatsApp ili atumiwe.